Kufuli la Ammi kwenye Dirisha la Pir

3 Julai

Mvua imefika leo baada ya adhuhuri, na ile sauti imekuja nayo. Tupa juu ya chuma, mara tatu, halafu kimya kidogo cha mtu anayepuliza vumbi. Inatoka chumba cha nyuma, pale mama yetu, Ammi, alipokaa miaka yote akikata vibati vya ndani ya kufuli. Nimekwenda kuangalia. Jiliwa la kubania chuma lipo, kigoda kipo. Ammi yuko makaburini tangu Februari.

Sijamwambia Naushad. Mdogo wangu huyo naye ana lake. Anasema kila akivuka kizingiti na begi la safari, nyuma yake husikia kufuli likijifunga. Safari ya kwanza ya kwenda kwenye kazi yake Muscat aliteleza ngazini akavunjika mguu. Ya pili, homa ilimwangusha asubuhi ileile. Waajiri wamesema watamngoja mpaka mwisho wa Septemba, baada ya hapo nafasi anapewa mwingine.

"Ammi amenifunga, Apa," ananiambia mimi dada yake, mwanamume mzima mwenye ndevu.

Mguu umepona. Ni moyo ndio unaochechemea.

6 Julai

Tumekwenda kwenye ziara ya Pir, kaburi la walii wetu ng'ambo ya reli, kwa sababu Ammi kabla ya kukata kauli alisema maneno haya tu: "Nimefunga kufuli kwa Pir." Naushad hajalala vizuri tangu siku hiyo.

Dirisha la kaburi limejaa kufuli mpaka huoni ndani. Khala Zaitun, anayefagia pale na kutunza nadhiri za watu, alizisogeza kwa mkono, akatuonyesha moja la shaba lililofanya kutu ya kijani.

"Hili la mama yenu."

"Aliomba nini?" Naushad akauliza.

"We kijana, unataka kunitia dhambini saa hizi na sijala?"

Desturi ya hapa kila mtu anaijua, lakini aliisema tena, kwa kuwa anapenda kuisema. Mwenye nadhiri hufunga kufuli, humnong'oneza mtunzaji ombi lake, na mtunzaji halisemi, hata afe nalo, mpaka kufuli lenyewe lifunguke. Ombi likitimia, mwenyewe hurudi kulifungua na kulitaja kwa sauti. Akifa kabla, hufungua mtu wa damu yake, naye hunong'onezwa ombi na mtunzaji ili alitaje. Kulikata hapana, kulivunja hapana, na mkono wa mgeni hauligusi.

"Ufunguo uko wapi, Khala?"

"Aliutupa bwawani, nikimwona kwa macho haya. Mama yenu alikuwa na nia, si mchezo."

Naushad alitazama mikono yake. Halafu akanitazama mimi, na Khala naye akanitazama, nikajua kazi imeshapata mtu.

7 Julai

Sisi wa mtaa wa Upar Kot ni watu wa kufuli. Nyumba hii inamimina shaba, ile inang'arisha, ile ya kona inapiga mihuri. Ammi alikata vibati, mimi naweka springi. Nimeweka springi tangu sijafunga nywele, na sijawahi kufungua kufuli bila ufunguo hata siku moja. Kwetu ni aibu. Anayetengeneza hafungui. Wanaofungua ni Masingasinga wachonga funguo wanaokaa pembeni mwa barabara, na baba yangu aliwaita wezi waliochelewa kuamka.

Sasa nimekaa na simu ya Naushad nikitafuta vifaa vya kufungulia kufuli vya mtu anayeanza. Kumbe viko, vimejaa, na picha zake. Kuna seti ndogo ya vipande vichache, na kubwa kwenye mfuko wa ngozi ya bluu.

"Chukua hiyo kubwa, Apa. Vingi ni vingi."

Nimechukua kubwa.

11 Julai

Mvua. Tupa. Nimeongeza sauti ya redio.

15 Julai

Seti imefika. Ni nzuri kweli, vijiti vyembamba vinavyong'aa, kila kimoja na kichwa chake: chenye ndoana, chenye mawimbi, chenye meno, na kufuli moja la plastiki angavu la kujifunzia. Naushad alikaanga pakora, na kabla hajazitoa kwenye mafuta nilikuwa nimeshalifungua lile la plastiki. Akapiga makofi. Nikajiona bingwa.

Kisha nikachukua kufuli letu la shaba, la aina ileile aliyofunga Ammi. Kijiti cha kwanza kilipinda. Cha pili kikapinda. Cha mawimbi kilizunguka ndani kama mgeni aliyepotea nyumba.

Nimechelewa kuelewa, na nimeona haya peke yangu. Vijiti hivi ni vya kufuli za siku hizi, zenye vipini vidogo vinavyosukumwa juu. Zetu zina vibati vilivyolaliana kama sahani kabatini, kila kimoja na springi yake nzito. Mimi, binti wa mkata vibati, nimenunua vya kufungulia vipini! Lakini kazi yetu ndivyo ilivyo, kila mtu na kipande chake. Nimeona springi maisha yangu yote. Sijawahi kukaa upande wa nje wa tundu la ufunguo nikajiuliza kinachotakiwa kupita pale.

19 Julai

Nimekwenda kwa mwizi aliyechelewa kuamka. Anaitwa Sardar Jagtar Singh, anakaa chini ya turubai karibu na daraja la reli. Masika hutengeneza na miavuli.

"Karibu, dada. Mwavuli au ufunguo?"

"Kujifunza."

"Mtu wa Upar Kot anakuja kujifunza kwangu?" Alicheka mpaka akakohoa. "Ngoja nimwite mpiga picha."

Nilimfungulia mfuko wa bluu. Akainua kijiti kimoja kwa ncha za vidole. "Hivi vya kusafishia masikio?"

Nilitaka kuondoka. Ila nikamwambia lote: kufuli, dirisha, Ammi, Naushad. Akaacha kucheka. Akasema yeye kufuli la nadhiri hatalishika hata kwa fimbo, lakini mkono wangu si wa mgeni, na kufundisha mkono hakujakatazwa.

Akatandika kitambaa, akapanga nyaya alizozitengeneza mwenyewe kutoka vyuma vya miavuli. "Chagua."

Nikachukua nene kuliko zote.

"Kwa nini hiyo?"

"Ina nguvu."

"Kila anayeanza huchagua nguvu. Nguvu za kumpiga nani? Waya ukivunjikia mle ndani, hata mama yako akifufuka halifungui." Akairudisha. "Anza na hiki bapa, cha kukazia. Unakitia, unakaza kidogo, unakiacha kikuambie. Hiki ndicho seti nzima. Kile cha kuinulia vibati ni kidole tu."

"Kwa hiyo viwili?"

"Vitatu. Cha kuinulia hicho ni cha mazoezi; cha tatu hakijaisha, utakipiga tupa wewe mwenyewe, siku utakapojua kina cha kufuli lako. Nikikukatia mimi kitakuwa cha kufuli langu."

Nilishika kimoja kimoja mpaka nikapata bapa linalonyumbuka bila kulegea. Alitikisa kichwa, akakubali. Kama malipo alichukua seti ya bluu, akasema wajukuu wake watachezea.

20 Julai

Hakuna.

24 Julai

Hakuna. Vidole vinauma. Naushad ananiuliza kila akipita, "Bado?" Leo nimemwambia akiuliza tena nitamfungua yeye.

2 Agosti

Mvua imenyesha mfululizo na tupa haikuacha. Nimekaa mlangoni mwa chumba cha nyuma nikafanya mazoezi hapo hapo, maana kukimbia kumenichosha. Nilimwambia, "Ammi, kama una la kusema, sema." Tupa ikasimama kidogo, ikaendelea.

Nilimkumbuka Ehtesham, mwalimu wa mji wa Khurja, ambaye watu wake walikuwa waje kuniletea pete ya uchumba. Hawakuja. Walituma ujumbe kwamba wamesikia nina kifafa. Baada yake wakaja wachumba wengine wawili, nao vivyo hivyo, mara hili mara lile. Ammi alilia kuliko mimi. Alimlaani shangazi yetu, kwamba ulimi wake ndio ulioyapeleka maneno hayo, nami nikaacha kumsalimia shangazi mpaka akafa.

Lakini Ammi alimpenda Naushad. Nyama ya Naushad, kitanda cha Naushad karibu na feni. Mimi nilikuwa mikono. Basi haishangazi nadhiri yake kubwa ya maisha iwe ya kumzuia yeye.

9 Agosti

Limefunguka!

Lilikuwa mezani mbele yangu. Nilikuwa nimekaza bapa huku nikimwaza muuza maziwa aliyetia maji, na kibati cha mwisho kikainuka, upinde wa kufuli ukaruka. Nilipiga kelele hata Naushad akaja na mwiko mkononi. Tulikumbatiana. Nimelifunga na kulifungua tena mpaka kiza kikaingia.

12 Agosti

Tumekwenda kwa Pir. Nilitia udhu, nikafunika kichwa, nikatia bapa kwenye kufuli la Ammi mbele ya wanawake waliokuja na maombi yao. Nusu ya siku. Halikufunguka, halikunong'ona, halikufanya chochote. Ni kana kwamba ndani hamna kitu.

Nilirudi nyumbani na Naushad. Alipofika mlangoni alisimama, akageuka nyuma ghafla.

"Umesikia?"

"Sijasikia."

"Basi ni mimi tu, na leo sina hata begi."

13 Agosti

Sardarji ameniuliza, "Nyumbani ulilifungulia wapi?"

"Mezani."

"Limelala chali?"

Maisha yangu yote kufuli huwa limelala mbele yangu, kifuniko wazi, nami natazama kwa juu. Mikono yangu inajua kufuli lililolala. Dirishani limening'inia, vibati vinaegemea upande mwingine, na mimi nilikuwa nikivibonyeza badala ya kuviinua.

"Watu wa Upar Kot," akasema Sardarji, akarudi kwenye mwavuli wake. "Mnajua tumbo lake tu. Uso wake hamjauona."

20 Agosti

Maji yameingia kichochoroni. Nimetundika kufuli kwenye nondo za dirisha na kukaa nalo. Hakuna.

28 Agosti

Leo limefunguka likiwa limening'inia. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Sijamwambia Naushad.

31 Agosti

Bado sijamwambia. Alinikuta dirishani akauliza, nikasema bado kidogo. Akaniambia, "Pole, Apa, unahangaika kwa ajili yangu," akaniletea chai. Ningeweza kuitema.

Ukweli niuandike hapa: sitaki aende. Akienda nabaki na jiliwa, kigoda na tupa inayojipiga yenyewe. Namwonea Ammi hasira kwa kumfunga, na hapo hapo namshukuru. Ni uchawi gani huo? Namwogopa mama yangu, kisha nafanya kazi yake.

4 Septemba

Nimekata shauri. Leo nilichukua waya wa tatu ili niumalizie. Siku ile kwa Pir nilishika kufuli la Ammi nusu siku nzima, kina chake nakijua, ni kirefu kidogo kuliko letu la nyumbani. Nikaingia chumba cha nyuma, nikaubana kwenye jiliwa, nikachukua tupa ya Ammi. Mvua ilikuwa imekatika, jua linapiga uani.

Nilikuwa nimezama kazini niliposikia ukelele, kisha sahani ikavunjika. Nikatoka mbio. Naushad amekaa chini ukutani, wali umetapakaa miguuni.

"Yumo," akasema. "Ammi yumo. Anapiga tupa."

"Ni mimi, Naushad. Tazama. Ni mimi."

"Mara tatu, halafu anapuliza. Ni yeye!"

Nikatazama midomo yangu kwenye kioo cha uani. Ilikuwa na vumbi la chuma. Sikujua kama napuliza. Sikujua nimehesabu tatu.

Nilikaa karibu naye kwenye wali. Nikamwambia kwamba nami namsikia tangu mvua zianze, kila mvua. Akanishika mkono. "Mbona hukusema?" Nikamuuliza yeye lile kufuli la kizingitini, linafungika kwa sauti gani. Akaniigizia. Tulikaa pale, mtu na dada yake, tukigawana mzimu mmoja vipande viwili, kila mtu na chake, kama tulivyozoea kazi.

Kisha nikamwambia kuwa naweza kufungua kufuli lililoning'inia tangu wiki iliyopita. Hakunikaripia. Aliokota wali, punje kwa punje, muda mrefu. Akasema, "Basi twende Ijumaa ijayo."

14 Septemba

Naandika yote, nisije nikayapunguza baadaye.

Mawingu yalikuwa mazito lakini hayakunyesha. Wanawake wanne walikuwa wameketi ukumbini, na mwanamume mmoja mgonjwa aliyelala kwenye mkeka. Khala Zaitun alinipangusia kufuli kwa ncha ya shuka yake. Naushad alisimama nyuma yangu, begi lake begani. Alikuja na begi! Alitaka kufuli likifunguka atoke pale pale, kabla halijabadili nia.

Nikatia bapa. Nikakaza kidogo, nikaliacha liniambie. Nikatia waya nilioupiga tupa.

Kibati cha kwanza kikainuka kwa utii. Cha pili kilikuwa na kutu, kilikwaruza, kikakubali. Cha tatu nilipokigusa mkono ulisimama. Ammi alikuwa na tabia moja ambayo wenye karakana walimgombeza nayo miaka yote: pembe moja ya kibati hakuilainisha. Alisema kibati laini pande zote hakina adabu. Nami nilikuwa naigusa ile pembe, kali, changa, ya mkono wake kabla haujaanza kuvimba viungo. Nilimhisi mama yangu kwenye ncha ya waya wa mwavuli. Machozi yalinitoka na sikuweza kuyafuta kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

Cha nne. Cha tano.

Upinde ulifunguka bila haraka.

Naushad alivuta pumzi. Khala akaja, akainama sikioni kwangu, harufu ya tambuu, akaninong'oneza maneno ya Ammi kama alivyoyatunza. Mwisho akaongeza, "Ni mwaka ule bwawa lilipofurika. Sasa yaseme, binti yangu. Kwa sauti."

Nilimwambia, "Rudia." Akarudia.

Mwaka bwawa lilipofurika ndio mwaka wa Ehtesham.

Ningeweza kusema uongo. Naushad alikuwa ananitazama kwa macho ya mtu anayesubiri hukumu aliyokwisha kuikubali, na nilijua la kusema, kwamba aliombewa yeye, ili aondoke na mama yake kifuani. Watu wale wasingejua. Lakini Khala alikuwa ameshika mkono wangu, na hasira ilikuwa imenijaa, na sauti ilitoka yenyewe, ikasikika hadi kwa mgonjwa mkekani.

"Mama yangu aliomba hivi. 'Wa kiume ataenda, wa kiume huenda. Huyu binti yangu Qudsia niachie. Asichukuliwe na mtu mpaka nife mikononi mwake.'"

Khala akauliza, kama desturi inavyotaka, "Limetimia?"

"Limetimia," nikasema. "Alikufa mikononi mwangu."

Wale wanawake wakasema amina. Nilitaka kuwapiga.

15 Septemba

Naushad alirudi nami nyumbani na begi lake, na leo mchana ameniambia: "Kwa hiyo mimi hakuniombea chochote."

"Wewe alikuacha huru."

"Hakunifunga hata kidogo?" Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Ule mguu? Homa?"

"Ngazi ililoa, Naushad. Na homa ni homa."

"Na kufuli nililolisikia?"

Alicheka, kisha akalia akiwa ameegemea mlango. Mimi niliyefungwa nililazimika kumbembeleza aliyeachwa huru, anayelia kwa kuwa hakufungwa. Nikamwambia Ammi alimpenda. Nilisema hivyo na nilikuwa naamini. Alichonifanyia mimi sijui kinaitwaje, lakini si kupenda.

Nimewaza ule ujumbe wa kifafa. Nani aliupeleka Khurja? Shangazi hakujua hata njia ya Khurja.

16 Septemba

Mvua kubwa tangu asubuhi. Nimekaa mlangoni mwa chumba cha nyuma nikasikiliza. Maji ya bati, kunguru, watoto wa jirani. Basi.

Nilikuwa nimejiandalia maneno. Makali. Nilimwita, "Ammi." Nikamwita tena. Ameondoka mara tu nilipopata la kumwambia.

Nilimlilia leo kuliko Februari.

19 Septemba

Naandika ndani ya treni, mwandiko unaruka. Naushad ataruka kesho kutoka Delhi. Alivuka kizingiti chetu alfajiri na begi lake, akasimama kidogo, akasikiliza, akatikisa kichwa. Hakuna. Nimeona ameumia kidogo kwa kutosikia.

Nimemwambia namsindikiza mpaka Delhi. Sijawahi kupita Khurja. Tumeipita sasa hivi, stesheni kama nyingine, mtu anauza karanga. Nimeitazama mpaka ikaisha.

Naushad alikuwa anakunja shuka. Akaniuliza bila kuinua macho, "Apa, utarudi lini nyumbani?"

Nina miaka arobaini na nne. Hajawahi kutokea mtu wa kuniuliza hivyo.

"Subiri kwanza," nikamwambia. "Nifikirie."